Megabaiti Tisini na Sita

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao analorudi nalo Baba kutoka karakana, lakini hiyo ndiyo hali yake ya kila siku.

Naandika kwa kalamu kwa sababu umenilazimisha. Laini yako ya zamani haipo hewani, barua pepe zangu hujibu, na Mama, dada yako wa tumbo moja, hata yeye hajui unashindaje. Miezi minane! Umehamia mji wa pili tu, hukuhamia mwezini.

Sasa niingie kwenye lililoniuma. Tangu wanipe kiti chako kazini nimekuwa nikisafisha kiini cha mfumo wa misumeno, ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza mashine ikiwashwa na kuzigawia programu nyingine zote nafasi. Nimekuta umezitengea kamera za kulinda mikono megabaiti tisini na sita za kumbukumbu, kipande kimoja, tangu sekunde ya kwanza. Mashine yenyewe ina mia mbili hamsini na sita tu! Kamera zikilala, eneo linakaa bure na hakuna programu nyingine inayoruhusiwa kuligusa. Kwa nini zisiombe zikihitaji, kama wenzao? Hukuandika hata neno moja kueleza. Mstari mmoja, namba mbili, basi. Na ni wewe uliyekuwa ukinigombeza nikiacha mstari bila maelezo.

Meneja anataka skrini ya rangi na sauti ya kumsalimia fundi. Vyote vinataka kumbukumbu, na kila asubuhi ananiuliza, "Shamba la Bwana Akiba umelivuna?" Ndilo jina walilokubandika. Unajua misumeno hii ndiyo inayotakiwa kusimama yenyewe kamera zikiona mkono karibu na diski ya kukatia mbao, na Baba anao mmoja karakana. Sitaki kukisia. Niambie kwa nini ulilitenga, na unijibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua changu kizima, asante kwa kuuliza, ingawa ulipokuwa ukinichimbia kaburi hukuuliza habari za kifua. Msalimie dada. Mwambie napanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, natengeneza redio na spika, na nakula vizuri.

Nimechelewa kuijibu barua yako makusudi. Nimeiweka juu ya kabati nikaitazama wiki tatu, kila nikiitazama napandwa na hasira upya.

Unasema hukuona maelezo. Maelezo yalikuwa mimi! Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, na yeyote aliyetaka kujua kitu aligeuza shingo akaniuliza. Mmeyafukuza maelezo, sasa mnayatafuta kwenye faili.

Ile karatasi ya meneja niliisoma. "Anahodhi kumbukumbu ya mashine bila sababu ya kitaalamu." Chini yake sahihi ya meneja, na chini ya meneja sahihi yako. Mwandiko ule nilikufundisha mimi, ukiwa darasa la pili, mezani kwa mama yako. Hukuja hata kuniambia, "Mjomba, wamenibana." Ulitia sahihi saa tatu, saa nne ukanipita kwenye korido ukijifanya unasoma simu.

Kwa hiyo leo unataka sababu ipi? Ulishathibitisha kwamba haipo. Ulitia sahihi kwamba lile eneo halina kazi, basi halina kazi. Chukua. Mpe meneja aweke sauti yake ya kusalimia watu.

Mjomba wako

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naona u mzima wa afya, maana mgonjwa hawezi kuwa na sumu kiasi kile. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu, nimeambulia matusi. Sawa. Ndiyo, nilitia sahihi. Meneja alituita mmoja mmoja, akasema asiyetaka afungashe. Ulitaka nifungashe na wewe, tukatengeneze redio wote wawili? Niliogopa. Na wewe ungekuwa mtu wa kuongea na wenzako badala ya kununa kutwa, mambo yasingefika huko.

Basi, nimechukua. Nimefuta ule mstari, na sasa kamera zinaomba kumbukumbu zikiamka na kuirudisha zikilala, kistaarabu. Tumejaribu siku tatu, tangu kufungua ofisi mpaka kufunga. Nimesukuma glavu iliyojazwa pamba kwenye diski mara mia mbili, na mara mia mbili msumeno umesimama. Mia mbili, Mjomba! Miaka yote hiyo umetunyima nafasi bure.

Toleo jipya limeshakwenda kwa wateja wote arobaini na mmoja. La Baba nililiweka mwenyewe jana, Jumamosi. Mashine ilipomwambia "Karibu, fundi", alicheka hadi akaketi kwenye rundo la maranda. Sijamwona akicheka hivyo tangu ugomvi huu uingie nyumbani kwetu.

Mpwa wako

4 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na leo tuache habari za kifua. Barua yako nimeipata mchana huu. Mwambie baba yako azime ile mashine. Azime kabisa, achomoe waya ukutani, leo hii ukisoma haya.

Sasa nisikilize, mjinga wewe, kutoka kwa mjinga mwenzako. Mashine ikiwashwa, kumbukumbu yake yote ni tupu, ukitaka kipande kirefu unakipata. Kisha programu moja inachukua hapa, nyingine pale, zinarudisha, zinachukua tena. Baada ya siku kadhaa nafasi iliyobaki ni nyingi, lakini imekatikakatika. Muulize baba yako kama anaweza kutoa boriti ya mita sita kwenye rundo la vipande vya futi moja, hata kama jumla yake inafika mita sitini. Kamera zetu hazijui kuokoteza vipande. Zinapewa anwani moja ya kuanzia, zinamimina picha mfululizo kuanzia hapo. Zikikosa kipande kizima, hazipati kitu. Ndiyo maana nililitenga lile eneo kabla programu yoyote haijaamka, nikazielekeza kamera huko, na programu ya kusimamisha msumeno nikaielekeza huko huko, nikafunga mlango.

Siku zako tatu si chochote. Ofisini mnazima kila kitu mkifunga! Kila asubuhi mlianza na kumbukumbu mpya. Shemeji hazimi. Anasimamisha diski tu, ubongo wa mashine anauacha ukiwaka wiki hadi wiki, kwa sababu akiizima inambidi apange upya vipimo vyake vyote.

Na kuna baya zaidi, na hili ni langu. Sikuwahi kuandika mashine ifanye nini kamera zikikosa kumbukumbu. Nilijua haziwezi kukosa, nilishazitengea. Kwa hiyo zikikosa hakuna kengele, hakuna taa. Programu inabaki na picha ya mwisho iliyoipata, na inaendelea kuiamini.

Nimempigia shemeji mara mbili kwa laini yangu mpya, hapokei. Namba asiyoijua huwa hapokei, na angejua ni mimi asingepokea pia. Namba yako na ya dada zilipotea na laini ya zamani, ya shemeji ndiyo pekee niliyoikariri. Ofisini kwenu mpokea simu ameambiwa asiniunganishe na mtu. Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi kusimama mlangoni kwa baba yako baada ya maneno aliyonitolea, kwa ile sauti yake ya chini, siku nilipokuja kukulalamikia. Naikimbiza hii posta kabla hawajafunga. Namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Mjomba wako

16 Mei

Mjomba,

Shikamoo sina leo.

Baba amekatika vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na moja, saa nne na kitu asubuhi. Yuko hospitali.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nisikudanganye. Niliisoma nikasema, Bwana Akiba anataka kurudishiwa kiti chake. Nikaiweka mashine ya majaribio mezani, nikaizidishia kazi, nikaiacha iwake bila kuzimwa, ili nikuonyeshe ulivyo mwongo. Jumanne kamera ziliomba, zikapata. Jumatano zikapata. Alhamisi saa nne ziliomba zikanyimwa, na ile glavu ikakatwa vipande viwili huku skrini ikiwaka kijani kwamba kila kitu ni shwari. Nikampigia Baba. Simu ilipokelewa na jirani yake wa karakana, nikasikia watu wanapiga kelele nyuma yake.

Ulijua! Tangu Machi ulijua, ukaniandikia "chukua". Mtu mzima, mwenye akili zako, unamwona mtoto wa dada yako anaelekea shimoni unamwambia apite tu, kisa karatasi? Na mimi niliishi na barua yako ndani ya begi siku tatu, nakula meza moja na Baba, simwambii kitu, kwa kuwa nilitaka kushinda ubishi.

Wateja wengine wote nimewapigia mmoja mmoja, mashine zao zimezimwa. Meneja amefoka, afoke.

Na unajua Baba anasema nini? Anasema alizembea. Anamwomba radhi kila mtu, Mama, daktari, hata yule jirani aliyemfunga kitambaa. Meneja alikuja akakaa kando ya kitanda akitikisa kichwa, "Ndiyo kazi zetu, fundi, mtu akichoka hutokea." Nilikuwa nimesimama pale pale, kisha nikamsindikiza hadi getini. Nakuchukia, Mjomba, na ninajichukia.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Pole. Neno lenyewe dogo, lakini sina kubwa zaidi ya hilo. Sikuulizi habari za nyumbani.

Una haki ya kunichukia. Nilipoandika "chukua" nilijua naandika uongo. Nilitaka mashine moja igome mbele ya meneja, aibu imshukie, nyote mje kunipigia magoti. Nilijiona hapo mlangoni nikiwakatalia. Mkono wa mtu sikuufikiria hata dakika moja, mimi niliyekaa miaka kumi na mmoja kuitengeneza ile mashine kwa ajili ya mikono ya watu! Jana nimeitupa redio ya mteja ukutani, na mwenye duka ameniambia nikirudia nihame.

Shemeji asiendelee kujilaumu, hilo siwezi kulivumilia. Nimeanza kumwandikia barua. Nimefika ukurasa wa nne, namweleza yote tangu mwanzo, jinsi kumbukumbu inavyogawanywa na nani alikosea wapi. Nikiimaliza nitakutumia wewe kwanza uisome, kisha umpelekee.

Mjomba wako

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Baba ameruhusiwa juzi. Kidonda kinakauka, usingizi hapati vizuri, na shati anafungwa vifungo na Mama.

Hiyo barua yako usinitumie. Nimemwambia mwenyewe.

Jana asubuhi alitaka nimpeleke karakana. Akasimama mbele ya msumeno na bandeji yake, akaanza tena yale yale: pengine nilikuwa nawaza mengine, pengine niliusogeza mkono haraka mno, mashine isingewahi. Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua kompyuta, nikaitoa ile picha ya mwisho iliyobaki kwenye mashine, niliyoinakili siku ile kabla ya kuizima, nikamwonyesha. Meza tupu, na futi yake ya kupimia imekunjwa pembeni. Saa iliyoandikwa ni ya Jumanne mchana, alipokwenda kula. Nikamwambia, tangu Jumanne ile mpaka Alhamisi mashine ilikuwa inatazama hii, Baba. Hukuzembea. Haikukuona kabisa.

Kisha nikamweleza yote. Kamera, kumbukumbu, mstari niliofuta, ile karatasi ya meneja, barua yangu ya Machi, yako ya Aprili, ile ya Mei uliyoikimbiza posta nikaificha begini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, unavyomjua. Nilitegemea ataniuliza habari za mashine.

Badala yake alipandisha sauti. Baba! Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akasema, "Mlikuwa mnaandikiana barua?" Nikasema ndiyo. "Tangu Machi?" Ndiyo. "Wewe unalala chumba cha pili kutoka changu. Yeye basi moja tu anafika. Mnajua mkono wangu uko hapa kila siku ya Mungu, na mmekaa mnaandikiana barua?"

Akatoka, akaniacha nimesimama kwenye maranda. Hajanisemesha tangu jana, hata salamu yangu ya asubuhi hakuiitikia.

Kama wewe unalo jibu la kumpa, Mjomba, usiliandike. Panda basi.

Mpwa wako