Mama Yuko Upande wa Kushoto

Mdogo wangu Faida,

Umeamkaje huko? Magoti je, na kile kikohozi? Mimi napumua, baridi ya Johannesburg inanitafuna tu. Anayeandika ni jirani yangu Mama Riziki, fundi cherehani. Ananiambia, "Bibi, fupisha, karatasi ni moja." Eish, nitafupishaje?

Faida, kaa chini kwanza. Ile ramani ya kaburi la mama niliyokutumia, nimekosea.

Si unajua nafagia duka la mzee mmoja hapa Newtown, anauza ramani za kale za Waholanzi. Mafundi wenyewe walikufa zamani, lakini kazi yao, we! Mistari myembamba kama nywele za mtoto. Mahali wasipopajua walichora tembo, wajanja wale! Kuna bamba lao moja la shaba, mimi ndiye nalipangusa kila asubuhi. Mzee akanionyesha humo upande linakochomoza jua: uko kushoto! Nikasema, kumbe ramani huchorwa kinyume, anayesoma ndiye anajua kugeuza. Basi nami, kwenye ramani yako, nikamweka mama kinyume.

Jumatatu mzee katundika karatasi iliyochapwa kwa bamba lile, jua sasa liko kulia. Nikacheka: "Mzee, hawa wamekosea!"

"Hapana, Gogo," ndivyo wanavyomwita bibi huku, "shaba huchongwa kinyume ili karatasi itoke sawa. Anayesoma hageuzi kitu."

Ufagio ukanidondoka. Maana wewe ulishaniambia mimi dada yako mkubwa, kwa simu ya mchungaji: "Yaya, nimemsimikia mama msalaba, kulia kwa kijito, penye michikichi. Bahati yetu, kushoto watu wanaanza kuchimba misingi ya nyumba."

Wakati ule nilidhani unataja kulia kwa ramani, si kwa ardhi. Faida, umelilia udongo mtupu. Mama yuko kushoto. Michikichi iko pande zote, ungejuaje? Siku tunamzika ulikuwa mtoto wa mgongoni. Afadhali ningekuchorea tembo.

Simu ya mchungaji haishiki tangu Jumatatu hiyo. Barua anaibeba Baba Amani wa kanisani kwetu, basi lake ni kesho. Nisalimie shemeji, na watoto wa marehemu kaka yetu. Mama mkwe wako mwambie dawa yake ya macho sijaisahau.

Ile ramani usiichane. Iweke dirishani penye jua, uitazame kwa nyuma. Ukipaona, nenda ukakae hapo hapo, mbele ya majembe yao. Wakikuita kichaa, itika, lakini usiondoke. Na kama wameshachimba, Faida, chota udongo kidogo, uniwekee.

Ni mimi yaya wako, niliyekubeba mgongoni siku ile.