Valsi ya Kufungia

Strasbourg, 6 Oktoba 1974

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba baridi ya Armentières iwe haijaanza kukutesa magoti. Mimi ni mzima. Wakili aliyeniajiri ananipa kazi nzito kuliko nilivyotarajia, na wenzangu ofisini wameniita "Hakimu" kwa kejeli; nami naitika bila haya.

Nina ombi. Tangu Baba atutoke umejifungia mwaka mzima na redio. Nenda ukacheze katika ukumbi wa Tilleuls. Najua Jumamosi usiku ni disko la vijana na moshi wao, lakini Jumapili alasiri kodiani hurudi kwa watu wa rika lako. Usinijibu kwamba umezeeka: miaka hamsini na mitatu si uzee, ni kisingizio. Nitakusumbua mpaka uende.

Bintiyo,
Solange


Armentières, 14 Oktoba 1974

Mwanangu Solange,

Magoti hayajambo, asante. Wewe je, unakula? Nyama, nasema, si mkate mtupu na kahawa.

Haya, Hakimu wangu, nimekwenda. Nilivaa gauni la buluu. Wanaume walikuwa wachache, kama kawaida, kwa hiyo wanawake tulichezeshana wenyewe kwa wenyewe, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mwishoni akaja kuniinamia bwana mmoja mrefu, mgane, mwenye duka la rangi: Achille Desrumaux. Aliomba valsi ya kufungia, ile ya mwisho kabla ukumbi haujafungwa, nikakubali. Valsi hiyo niliicheza na baba yako maisha yetu yote ya ndoa, na mguu ulinyanyuka kabla ya akili.

Niliporudi mezani, wote walikuwa wakinikodolea macho. Léone, anayetunza makoti, alininong'oneza akinivisha langu: "Shoga yangu, unajua ulichokifanya? Hapa valsi ya kufungia mwanamke humpa mtu wake tu. Ukishampa, yeye ndiye mwenye kukurudisha nyumbani."

Kugeuka, Desrumaux ameshaushika mwavuli wangu. Alinipeleka kwa gari lake. Mlangoni akasema, "Jumapili, basi." Sikuipenda ile "basi".

Mama yako


Strasbourg, 19 Oktoba 1974

Mama mpenzi,

Nashukuru kusikia u mzima. Nami ninakula, usiwe na shaka.

Barua yako niliwasomea wenzangu, wakashangilia: "Hakimu, mama yako amekutangulia kupata mchumba!" Mama, usijitie hofu kwa sababu ya kanuni za ukumbi. Valsi si mkataba, na hakuna mahakama nchini Ufaransa itakayomfunga mtu kwa hatua tatu za dansi. Mwambie kwa adabu kwamba hutaki, kisha uendelee kucheza na umpendaye.

Bintiyo,
Solange


Armentières, 4 Novemba 1974

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwili ni mzima; usingizi ndio umenihama.

Nilimwambia kwa adabu, kama ulivyonifundisha. Alitabasamu. Unajua desturi yetu: mwanamke akimkataa mwanamume, hukaa chini mpaka wimbo uishe. Nikakaa. Naye akasimama nyuma ya kiti changu, mkono juu ya mwegamo, wimbo baada ya wimbo, akiniomba kila mmoja unapoanza. Hakuna mwanamume aliyenisogelea. Nilimsikia mmoja akisema, "Mwache huyo, ana mwenyewe." Hata wanawake wenzangu waliacha kuninyanyua. Léone pekee ndiye aliyetoka kwenye makoti yake, akanishika mkono, Desrumaux akamwambia polepole, "Bibi Makoti, rudi kwenye makoti."

Mwishowe nilicheza naye ili tu mkono ule utoke nyuma ya shingo yangu. Alinibana vidole mpaka pete ya baba yako ikanichubua. "Marcelline," aliniambia sikioni, "usinifanye kichekesho cha watu."

Asubuhi hii mtunza jengo letu, Bibi Bulteel, amenisimamisha ngazini: "Hongera, bibi harusi! Mchumba wako ameniletea keki ya sukari, bado ya moto. Muungwana kweli!" Nikamwambia sina mchumba. Akanikonyeza.

Ningekupigia, lakini simu bado hawajaniunganishia. Naogopa, Solange.

Mama yako


Strasbourg, 8 Novemba 1974

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa haraka. Mimi nina kikohozi kidogo tu, kisikushughulishe.

Usiende tena Tilleuls. Nenda kituo cha polisi ueleze yote, hata lile la vidole. Badilisha kufuli. Kisha njoo kwangu. Chumba ni kidogo, lakini kitanda nitakuachia. Nijibu siku hiyohiyo utakapoipata barua hii.

Bintiyo,
Solange


Armentières, 18 Novemba 1974

Mwanangu Solange,

Mbona kimya? Tangu nikuandikie habari za pete sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Au nimekukera?

Ukumbini siendi tena. Sasa yeye ndiye anayekuja. Husimama ng'ambo ya barabara mchana kweupe, kofia mkononi, akitazama dirisha langu, na majirani wanampa salamu. Nilikwenda polisi. Askari, mtoto mdogo kuliko wewe, aliniuliza: "Mama, ulicheza naye ile ya mwisho? Ukapanda gari lake? Basi mjibu vizuri, maskini wa watu." Wenzake wakacheka. Mmoja wao huonana na Desrumaux kule Tilleuls kila Jumapili.

Jana nilimkuta ndani ya jengo, karibu na masanduku ya barua. Alivua kofia akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kikohozi cha Solange kimepoa?"

Mwanangu, una kikohozi? Mbona hukuniambia?

Mama yako


Strasbourg, 22 Novemba 1974

Mama,

Sina nafasi ya salamu. Habari za kikohozi nilikuandikia wewe peke yako, tarehe 8. Barua hiyo ameisoma yeye. Bila shaka Bibi Bulteel ndiye anayemkabidhi barua zangu, akidhani anawafanyia hisani wachumba.

Kwa hiyo hii naituma ukumbini, jina lako juu ya bahasha, kwa mkono wa Léone, yeye atakuletea. Ukiisoma, usifungashe chochote. Toka na Léone, ulale kwake, usimwambie mtu. Wakili amekataa kuniruhusu kabla ya Ijumaa ijayo. Siku hiyo nitapanda treni ya asubuhi na nitafika Armentières jioni. Tutaondoka pamoja. Vumilia, Mama. Nilikutuma mimi huko, na mimi nitakutoa.

Bintiyo,
Solange


Armentières, 26 Novemba 1974

Binti Solange,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini kikohozi kimekwisha na kwamba wakili wako hakuchoshi mno. Sisi huku hatujambo. Mama yako hawezi kushika kalamu kwa sasa, mkono unamuuma kidogo. Nimemshauri apumzike, naye amenisikia.

Barua uliyoituma ukumbini imefika salama. Waliona jina la Marcelline wakanipa mimi, kama ilivyo haki. Usimlaumu Léone: hayupo tena kwenye makoti. Mwenye ukumbi ameona tabia yake ya kuingilia nyumba za watu inaharibu sifa ya mahali.

Nimefurahi kwamba unakuja Ijumaa. Usijisumbue kupitia ghorofani kwenu, utakuta mlango umefungwa. Mama yako amehamia kwangu, na Bibi Bulteel alitusaidia kubeba masanduku. Wala usiulize njia kwa watu. Nitakusubiri mwenyewe kwenye stesheni, mwisho wa behewa la mwisho. Wewe hunijui, lakini mimi nitakutambua. Picha yako, ile iliyokuwa kando ya kitanda cha mama yako, ninayo mfukoni.

Baba yako,
Achille