Bolti ya Ziada

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Usihangaike kuitafuta plagi ya mashine ya boti. Nimeichukua mimi, naenda nayo kazini.

Asubuhi nilikuuliza bolti iliyobaki kikombeni ni ya wapi. Ukasema, "Ya ziada," ukafunga kifuniko cha mashine, ukaninunia. Ziada! Mashine uliyoifungua mwenyewe hapa sebuleni imepata wapi ziada? Mwezi jana ilikuzimikia majini, nikashinda ufukweni na watoto tukikungoja.

Bolti yenyewe nimeiweka juu ya karatasi hii isipeperuke, walau hapa ina kazi.

~~Plagi nitairudisha jioni.~~ Fungua mashine upya. Ukiona bolti inapokaa, nipigie, nitaileta plagi mbio.

Ninunie utakavyo, mradi unaninunia ukiwa nchi kavu.

Mkeo