Klarineti ya Chumba cha Juu

Dubrovnik, 2 Julai 1997

Mwanangu Deša,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu Lorenz na kwa mjukuu wangu Klara. Natumai huko Graz hamjambo na kifua cha mtoto kimepona. Mimi niko salama, ila goti linanisumbua kwenye ngazi, na mji huu kwa ngazi unaujua.

Wanamuziki wa tamasha wameanza kuingia. Huwezi kwenda kununua mkate bila kumpisha mtu na zeze lake kubwa mgongoni. Jirani yetu Jele anasema mwaka huu wamezidi, hata paka wake amehama.

Sasa nikuambie jambo, na usinicheke. Orsat amerudi. Simwoni, namsikia. Tangu kaka yako alipopanda mlimani na bunduki ya kuazima, mji ukiwa umezingirwa, sikuwahi kusikia hata mlio wa mluzi wake. Lakini siku hizi, nikishakula mchana na kufunga madirisha kwa sababu ya jua, anaanza kupiga klarineti yake chumba cha juu. Ni kile kipande cha polepole alichokuwa akijiandaa kukipiga kwenye tamasha vita vilipotukuta. Anafika katikati, anakosea, anarudi mwanzo. Unamjua, hakubali kuruka. Mimi sipandi. Naogopa nikifungua mlango atanyamaza.

Jana walikuja watu wa ile ofisi ya kutafuta waliopotea. Wanataka damu yangu wailinganishe na mifupa iliyopatikana kwenye korongo nyuma ya mlima. Niliwapa kahawa, nikawaaga.

Mimi baba yako,
Maro

*

Graz, 10 Julai 1997

Baba, shikamoo.

Barua yako imetukuta wazima. Kikohozi cha Klara kimeisha, yaliyobaki ni maneno tu, hayo hayaishi. Lorenz anakusalimu na kukupa pole ya goti.

Sikucheka. Niliisoma jikoni, nikarudia, kisha nikamwachia Lorenz mtoto nikatoka kutembea.

Nilikuwa nikitafuta namna ya kukuambia jambo, na sasa limekuwa gumu zaidi. Tamasha limeniita. Mwezi wa nane nitapiga viola pale uani mwa Kasri, tukiwa watu watano, wanne wa nyuzi na mmoja wa klarineti. Kipande ni hichohicho. Sikukichagua mimi. Mpiga klarineti ni Mnorwe anaitwa Eivind, mtu mpole, hajui lolote juu yetu.

Na hiyo damu, baba, ungewapa. Mama alikufa bado anamwekea Orsat sahani mezani. Siwezi kukuona na wewe ukienda hivyo. Nataka niwe na mahali pa kupeleka maua.

Mwanao,
Deša

*

Dubrovnik, 18 Julai 1997

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa afya ya mjukuu wangu. Huku joto linatukaanga. Bendera imepandishwa, tamasha limefunguliwa, na mimi sikwenda. Ni mara ya kwanza tangu nimwoe mama yako.

Njoo. Kitanda chako kipo. Jele ameahidi kukupikia pilipili za kujaza nyama, na ukiacha hata moja atasema Waustria wamekuharibu. Lakini kwenda kupiga kipande cha kaka yako na mtu baki, hapo umenikata maini. Na habari ya damu usiitaje tena. Mimi nina mtoto wa kiume anayefanya mazoezi juu ya kichwa changu, wewe unataka kuniletea sanduku la mifupa. Mzazi gani atakubali kubadilishana hivyo?

Jele naye nimemweleza. Anasema jua limenipiga kichwani, nivae kofia.

Leo nilimsikiliza nikiwa nimesimama kwenye ngazi, mwiko mkononi, mpaka chakula kikaungua.

Baba yako,
Maro

*

Graz, 24 Agosti 1997

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, nimewakuta wote wazima. Nawe lipumzishe goti, si lazima uende sokoni kila siku.

Tuliagana vibaya pale kituo cha basi, kwa hiyo naandika niliyoshindwa kuyasema. Siku ile jikoni uliponyanyua kidole ukasema, "Msikilize," mimi nilisikia mbayuwayu na bomba la maji la Jele, basi. Nikakuambia hivyo. Hukukasirika. Uliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia kiziwi, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Siku ya onyesho nilikuona safu ya tatu, umevaa lile koti la harusi yangu. Nilifurahi, nikadhani umekubali. Eivind alipoingia kwenye ile sehemu ya polepole alipiga vizuri, baba, vizuri kiasi kwamba niliogopa kumtazama. Katikati ukainuka, ukawapita watu magotini, ukatoka. Nilikukuta baadaye umekaa kwenye ngazi za kanisa. Nilitegemea matusi. Ukasema tu, "Yule kijana hakukosea mahali popote. Nilikuwa namngoja akosee." Tukarudi nyumbani.

Asubuhi yake, kabla hujaamka, nilikwenda ile ofisi nikatoa damu. Walisema hata ya dada inafaa. Nakuandikia mwenyewe ili usije ukasikia kwa watu.

Mwanao,
Deša

*

Graz, 16 Novemba 1997

Baba, shikamoo.

Sijui kama barua zangu unazifungua. Simu hupokei. Jele anasema unanunua samaki, unarudi ndani, humsalimu mtu. Sisi tu wazima. Klara anakuchorea bahari, na kila mara anaipaka zambarau.

Jibu limekuja. Ni yeye.

Alikuwa mle korongoni pamoja na wenzake wawili. Daktari aliniambia ilikuwa mara moja, hakuteseka. Sijui kama huwaambia hivyo watu wote. Nilimwuliza kama mikono yake ilikuwa mizima, hata sielewi kwa nini nilimwuliza hivyo. Akasema ndiyo.

Ijumaa nakuja na Lorenz na Klara. Tutagonga. Usipofungua tutakaa kwenye ngazi mpaka ufungue, na Klara nimemwambia achukue sweta.

Mwanao,
Deša

*

Dubrovnik, 8 Februari 1998

Mwanangu Deša,

Marahaba. Shikamoo zako zote nilizozikalia, naziitikia leo kwa pamoja. Natumai mko wazima. Mimi nilishikwa na mafua, yamepita. Sikukuu ya Mtakatifu Vlaho nayo imepita. Nilitoka, watu wakanisalimu, nikawaitikia.

Tangu tumzike Orsat sijakuandikia, lakini si kwa chuki. Pale kaburini, Klara aliponishika kidole, hasira iliniishia. Ulifanya lililotakiwa kufanywa na baba. Hilo tuliache hapo.

Ila uliniuliza kwenye simu kama bado namsikia, nami nikaikata. Nikujibu sasa. Simsikii. Tangu siku jeneza lilipopita mlangoni kwetu, chumba cha juu kimenyamaza. Nimepanda, nimefungua mlango na madirisha, nimekaa kitandani kwake mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna kitu. Nilidhani nitapata usingizi. Kumbe kimya nacho kina uzito wake.

Wiki iliyopita Jele alinisimamisha kwenye ngazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maro, chumba cha juu umempangisha nani?"

Nikamwambia sijampangisha mtu. Akajishika ukutani. Akasema kila mchana kuna anayepiga klarineti, naye huacha vyombo kwenye maji akasikiliza, na alidhani ni mwanafunzi fulani nimemwonea huruma kwa ajili ya baridi.

Sasa nakwenda kwake kila siku baada ya kula. Tunakaa jikoni, mlango tumeuacha wazi upande wa nyumba yetu. Mimi sisikii ila sufuria yake ikichemka. Yeye anafumba macho. Mwanzoni alikuwa akinieleza, sasa ameanza, sasa anashuka, lakini siku hizi nimemwomba asiseme. Namtazama tu usoni, na kwa uso wake najua Orsat alipofika.

Baba yako,
Maro