Harufu ya Mikono Yangu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa najua, maana nakusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana ulimi wangu huwa mzito, nawe unanijua.

Juzi kwenye mashindano ninyi wapika bia mliambiwa mkae nje, tukaingia sisi wahudumu, kila mmoja na bilauri za kwao. Kwa hiyo hukumwona jaji mkuu, yule mama mwembamba ambaye wenzake humwita Pua. Aliinua bia yako kuelekea dirishani, akaikagua rangi yake ya asali bila kupepesa. Akanusa, akaonja funda moja, akafumba macho. Kisha akasema kimea kimekaushwa taratibu, maua ya hopsi, yale ya kutia uchungu, yametiwa mara mbili, mara ya pili moto ukiwa umeshazimwa, na aliyeipika si mtu wa papara. Shangazi, hajawahi kukuona, naye alikueleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi ninayekula nawe sahani moja.

Bilauri ilipobaki nusu akanusa tena, akakunja uso. Akasema humu mna manukato, na kama si hayo angeipa nafasi ya kwanza. Jaji mwenzake akatania kwamba labda mpishi alikuwa njiani kwenda harusini. Wakacheka, wakaandika hivyo kwenye ile karatasi uliyoletewa.

Tangu hapo unazilaumu hopsi zako, na leo umesema kesho utamwaga pipa zima uanze upya. Tafadhali usimwage. Manukato yalikuwa yangu. Asubuhi ile niliwaogopa wale wakubwa, nikajipaka mafuta ya kunukia mikononi ili nami nionekane mtu, kisha nikaingiza vidole hivyohivyo ndani ya bilauri kuzikausha. Yule mama aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo, nikatazama viatu vyangu. Miaka miwili ya kazi yako, nami nikatazama viatu.

Bia yako haina kosa. Kesho asubuhi nitakwenda kumwambia jaji kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukinisikia nikisema peke yangu humu chumbani, ni mazoezi, usicheke sana.

Pokea salamu za jirani yako wa ukutani, na unisamehe.

Ni mimi mwanao,
binti wa kaka yako