Mashine Inayosaga Bila Mahindi

Jumanne, Matiliku. Jua kali, vumbi mpaka kwa meno, na mkono wangu wa kulia umevimba.

Leo nimempiga mtu. Mara tatu, na ile ya tatu haikuhitajika.

Chumba changu cha kurekodi kwaya kimepakana na mashine ya kusaga ya Baba Kioko. Mngurumo wa injini yake umeniharibia nyimbo mwaka mzima. Niliziba ukuta kwa magodoro, lakini sauti nzito namna ile hupita tu. Basi nikakata tyubu za lori, nikazivuta juu ya fremu za mbao na kubandika nati ya chuma katikati ya kila kipande. Unene wake ni kidole kimoja. Injini ikinguruma, mpira unacheza nayo na kuimaliza nguvu. Nimebadilisha nati, nzito kwa nyepesi, wiki nyingi mpaka zikaushika mngurumo wenyewe.

Saa nne asubuhi nimefunga fremu ya mwisho ukutani. Injini ikawashwa, na mimi nikacheka peke yangu kama mwehu, maana mngurumo ulikuwa umezama.

Halafu nikasikia ngumi.

Puu. Puu. Mama Kioko, mke wa mwenye mashine, alikuwa analia kwa Kikamba asiuawe. Hizo puu nazijua. Kwa daftari langu la vipimo vya sauti, ninavyochukua kwa simu, nimeziandika "mkanda umelegea", nikidhani ni mkanda wa injini. Tena nimemsengenya Baba Kioko sokoni kwamba anachoma dizeli bure, anawasha mashine hata kama hakuna mteja. Kumbe ni ya kufunika kilio.

Nilishika fremu ya ziada, nikazunguka, nikavunja mlango wa mashine kwa teke. Baba Kioko alikuwa amemkalia mke wake kifuani, spana mkononi, damu imechanganyika na unga.

"Rudi kwa kwaya zako!" akafoka.

Nilimpiga mpaka fremu ikavunjikia begani mwake. Majirani wakamfunga kamba, polisi wakamchukua.

Mama Kioko amevunjika mkono na kung'oka meno mawili. Tukingoja eksirei hospitalini nilimwambia sikujua, jamani, sikujua. Akaniangalia kwa jicho moja, lile lingine limefura.

"Si ulikuwa unasikia? Kila siku uko hapo kwa ukuta na simu yako, unapima. Nilijua unasikia."

Sasa nimefungua daftari. Kila penye "mkanda umelegea" nafuta, naandika jina lake. Nimefika ukurasa wa tisa na bado kurasa ni nyingi.

Mimi nilikuwa nasikiliza nini?