Baba Mkwe Kaandika Nenosiri Lake Ubaoni, na Mimi Siruhusiwi Kusema Naye

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia ofisini, naomba unisaidie kabla chuo chetu hakijafungiwa vitabu, maana aliyekosea ni baba mkwe wangu, na kwa mila za nyumba niliyoolewa mimi siruhusiwi kusema naye, wala kumtazama usoni, wala kutaja jina lake, na hata hapa sitaliandika, utaniwia radhi.

Mimi ni Mnyiha wa Ruanda kule Mbozi, nimesomea kompyuta, nikaolewa na Isaka ambaye kwao ni Ikinga, Ileje, watu wazuri na wacha Mungu, lakini kwao mke wa mtoto akimwona baba mkwe anakuja anaacha njia, anaingia hata kwenye mahindi ya watu, na inaendelea hivyo mpaka siku mzee mwenyewe atakapoamua kumsemesha, yeye ndiye huanza, mkwe haanzi, na wa kwangu hajaanza tangu niolewe na sasa mwanangu Dennis ameshaingia shule. Sikuona shida kwa sababu nyumbani unazoea. Shida imekuja mzee alipostaafu serikalini akateuliwa kuwa Mkuu wa chuo hiki cha hapa Mpemba, karibu na mpaka, ambacho mimi ndiye fundi wake wa kompyuta, na milango ya ofisi zetu inatazamana.

Mwaka jana vyuo vitatu vya ukanda huu wa barabara kuu vilikubaliana kutumia mfumo mmoja wa kuingia mtandaoni, nami nikapewa kazi ya kuujenga upande wetu, tunauita Mlango Mmoja, yaani mwanafunzi anakuwa na jina moja na nenosiri moja na kwa hayo anafungua masomo ya vyuo vyote vitatu pamoja na maktaba ya chuo kikuu kimoja kikubwa kilichokubali kutuazima vitabu na majarida yake, na ujue mshauri kwamba maktaba ile haimjui mwanafunzi wetu hata mmoja, inachokijua ni neno letu tu, chuo kikisema huyu ni wangu inamfungulia, kisiposema haimfungulii. Makubaliano yanasema kila chuo kiweke afisa mmoja wa kuwathibitisha wanafunzi wake kila muhula. Mimi nikaona nikimweka mtu mwingine na Mkuu yupo itakuwa dharau, tena dharau ya mkwe, nikamweka yeye, peke yake, kwa heshima.

Sasa wanafunzi ni wengi, kuthibitisha ni kubofya jina mojamoja, umeme ukikatika unaanza upya, mzee akachoka akaacha. Wanafunzi wakaanza kumjia kulalamika kwamba mlango unawakataa. Asubuhi moja mstarini akawasikiliza wote mpaka mwisho, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa matangazo jina lake la kuingilia na nenosiri lake, akasema, "Ninyi ni wanangu. Mtoto hapigi hodi kwa baba yake." Wakampigia makofi. Nilikuwepo, nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji kwa sababu alikuwa anatazama upande wangu.

Tangu siku hiyo chuo kizima kinaingia kama yeye. Kwa kumbukumbu za mfumo, baba mkwe wangu anasoma uhasibu, ufugaji wa nyuki na malezi ya mtoto mchanga kwa wakati mmoja, akiwa Mpemba, akiwa Ileje, na akiwa ng'ambo kule Nakonde, maana wanafunzi wetu wana ndugu pande zote mbili za mpaka na ndugu hanyimwi, hata mpiga picha za pasipoti wa pale mpakani anaingia kama yeye, anasoma sheria. Chuo kikuu wameniuliza kwa adabu kama Mkuu wetu ni mtu mmoja. Wameongeza kwamba mwezi huu ukiisha bila kupata maelezo watatufungia maktaba, chuo kizima.

Nimejaribu. Hapa kazini mimi na Mkuu tunazungumza kupitia Tabita, msajili wa wanafunzi, anakaa katikati yetu na sote watatu tumo chumba kimoja. Nikasema, "Tabita, mwambie Mkuu ule ubao ufutwe leo, abadilishe nenosiri, awathibitishe wanafunzi kwa majina yao, la sivyo maktaba itafungwa." Mkuu anasikia kila neno, anatazama dirishani. Tabita akageuka akasema, "Mkuu, anasema ubao ufutwe." Mkuu akasema, "Mwambie mama Dennis ulifutwa jana ukaandikwa upya, maandishi yalikuwa yameanza kufifia." Nikasema, "Mwambie sizungumzii mwandiko!" Tabita akasema, "Anasema mwandiko hauna tatizo." Mkuu akashukuru.

Nikamtuma mume wangu. Akarudi akaniambia, "Baba amekusikia." Nikamuuliza, "Amesemaje?" Akasema, "Amesema amekusikia." Nikamuuliza, "Kwani wewe ulimwambiaje?" Akasema, "Nilimwambia unamsalimia."

Kinachoninyima usingizi, mshauri, ni binti mmoja wa mwaka wa mwisho anaitwa Kashinje, kwao ni wafugaji waliohamia bondeni Momba, yuko huko sasa kwa mazoezi ya kufundisha na anaandika utafiti wake kwa simu, akipanda juu ya kichuguu ili mtandao ushike. Juzi amenipigia akasema, "Dada, baba amekubali nisome hadi mwaka huu. Nikishindwa kukabidhi utafiti hakuna mwaka mwingine, wameshaanza kutaja ng'ombe." Jina lake mwenyewe halijathibitishwa, kwa hiyo naye anaingia kama Mkuu. Nikimfungia Mkuu, Kashinje anabaki nje. Nikimwacha, mwisho wa mwezi tunabaki nje wote.

Kumfungia si kazi, ni kubofya mara moja. Lakini mama mkwe aliposikia ninavyolalamika akasema, huku anachagua maharage, "Mwanamke anayemfungia baba mkwe wake mlango, kwetu hurudi kwao na masufuria yake." Nampenda mume wangu, mshauri, pamoja na zile salamu zake. Nifanyeje?

Mkwe Asiyesema, Mpemba.

*

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Sasa nyamaza unisikilize, kazi ambayo naona una uzoefu nayo.

Meza yangu hii imechoka na barua za wasomi wanaoishitaki mila. Mila imewanyima hiki, mila imewazuia kile. Mila haijawahi kuandika nenosiri ubaoni. Mila haikukwambia umkalishe mzee aliyestaafu mbele ya kompyuta abofye jina mojamoja mpaka umeme ukatike. Hilo ulilifanya wewe, mwenye cheti, ukaliita heshima. Ulimtwisha mtu mzigo asioujua, tena ukaukabidhi kwa mtu pekee katika chuo kizima ambaye huwezi kumwelekeza. Ungemweka mlinzi wa geti usingekuwa na kesi. Ungemweka mpishi usingekuwa na kesi. Umetafuta chuo kizima mpaka ukampata mmoja tu ambaye mdomo wako umefungwa kwake, na huyo ndiye ukampa ufunguo.

Mzee naye nitamsema, kwa kuwa mimi si mkwe wake. Kosa lake ni ukarimu, na ukarimu ndilo kosa gumu kuliko yote kulikemea, maana mkosaji hupigiwa makofi. Yeye amegawa neno la chuo kama anavyogawa ugali. Ugali ukimfikia na mpita njia, nyumba inasifiwa. Neno likimfikia kila mpita njia, si neno tena. Jiulizeni, katika ushirika ule ninyi mlipeleka nini? Vitabu si vyenu. Majarida si yenu. Mtandao wenyewe unapatikana kwa kupanda kichuguu. Mlichopeleka ni ahadi moja tu: tukisema huyu ni wetu, basi ni wetu kweli. Mpiga picha za pasipoti si wenu. Namtakia heri na sheria yake, lakini si wenu.

Na hao wakubwa waliowaletea mfumo wasidhani nimewasahau. Tangu nchi hii ifungue milango ya soko tumepokea kwa mikono miwili kila kilichoshushwa, kompyuta za msaada, mifumo ya msaada, semina za msaada zenye chai na vitumbua, na baada ya vitumbua hakuna hata mmoja anayebaki kuuliza: nani atakaa kwenye kile kiti, kila muhula, abofye? Wanazindua. Wanapiga picha. Wanaondoka. Kisha binti wa watu anahesabiwa ng'ombe kwa sababu hakuna aliyebofya jina lake.

Turudi kwako. Unasema mila imekufunga mdomo. Mama yangu mzazi aliolewa milima hiyohiyo ya Ileje. Siku moja babu yangu ameketi kibarazani, nyoka akapita chini ya kiti chake. Mama alikuwa na miaka mingi hajamwelekezea babu neno hata moja. Alipiga kelele, "Baba, nyoka!" Babu akaruka, nyoka akauawa, na hakuna aliyemrudisha mama kwao na sufuria. Jioni babu alisema mkwe wake ana sauti nzuri. Hiyo ndiyo mila kama wanavyoiishi wenyewe: imewekwa ilinde heshima ya nyumba, na mwenye akili haiachi nyumba iteketee ili aonekane ana adabu. Wewe umemwona nyoka, ukamtuma Isaka, Isaka akampelekea salamu.

Huyo mumeo usimtume tena, hata chumvi. Mpende, mpikie, lakini usimtume.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba makubaliano yanataka "afisa mmoja". Hayasemi Mkuu. Hayasemi baba mkwe. Tabita ni afisa, ni msajili, anawajua wanafunzi kwa sura na kwa kijiji. Mpe Tabita kazi ya kuthibitisha. Lakini usiifanye kwa kificho, maana mwizi na mtengenezaji hutofautiana kwa taarifa. Mwandikie Mkuu barua ya ofisi. Umenieleza usichoruhusiwa: kusema, kutazama, kutaja jina. Kuandika hukukutaja. Mwandikie kwa cheo chake, Mkuu wa Chuo, mistari michache: kwamba kazi ya kubofya imehamishiwa kwa msajili ili Mkuu apate nafasi ya kazi za Mkuu, na kwamba akaunti yake itafungwa siku fulani kwa sababu watu wengi wanaitumia. Tia sahihi kwa jina lako la kazi. Hapo hajasemeshwa na mkwe, ameandikiwa na fundi, na fundi ana haki ya kusema paa linavuja.

Kisha kaa na Tabita, muwathibitishe wanafunzi kwa majina yao. Muanze na mwaka wa mwisho, na katika mwaka wa mwisho muanze na Kashinje. Usimfungie Mkuu mpaka binti huyo amekupigia kutoka huko bondeni akakwambia ameingia kwa jina lake na amekiona kitabu. Ukitanguliza kufunga, utakuwa umemwokoa mzee na aibu kwa gharama ya binti, na hapo mimi na wewe tutakosana kabisa. Wafundishe wanafunzi kwamba ndugu wa Nakonde anapendwa, anapikiwa, analazwa kitandani, ila haazimwi nenosiri. Waandikie chuo kikuu ukweli wote, bila mapambo: Mkuu wetu ni mtu mmoja, kosa lilikuwa letu, tumelirekebisha hivi na hivi. Watu wa maktaba wamezoea kudanganywa, ukweli utawashtua wawape muda.

Ukishayamaliza hayo, bofya. Mfungie.

Na masufuria yako yaache jikoni. Mama mkwe wako alizungumzia mwanamke anayemfungia mzee mlango wa nyumba. Wewe unamfungia mlango ambao umekuwa wazi kwa mpaka mzima, ukiwa na jina lake juu yake. Kama kuna mtu katika ukoo ule anayelilinda jina la mzee yule mwaka huu, ni wewe ambaye huruhusiwi kulitaja. Mwambie mama mkwe maneno hayo, kwa upole, mkichagua maharage pamoja.

Kitakachofuata nakueleza. Mzee atajaribu kuingia, atakataliwa. Atamtuma Tabita. Tabita awe ameshaagizwa na wewe ajibu kwamba nenosiri jipya hukabidhiwa mwenyewe, halipitii kwa mtu wa tatu, ndiyo kanuni, na kanuni hiyo ni ya kweli, iandike. Atakaa ofisini kwake akifikiri. Huenda atafikiri siku kadhaa, mwache. Halafu atavuka kile kinjia baina ya ofisi zenu, atasimama mbele ya meza yako, na kwa kuwa nenosiri haliombwi kwa kuangalia dirishani, itabidi afungue kinywa. Kwa mila ya nyumba yenu, yeye ndiye huanza. Atakuwa ameanza.

Usikimbie. Mwitikie, mpe kiti, mpe lake. Kashinje wakati huo atakuwa juu ya kichuguu chake, anasoma kwa jina lake mwenyewe.